Kabla Hujabeti Hatua ya Baiskeli, Soma Barabara Kwanza

Kila Julai ikifika, vijana huja kwenye kibanda changu cha kutengeneza baiskeli hapa Mamboleo, Kisumu, simu mkononi, na swali ni moja: "Mzee, leo nani anashinda Tour?" Mimi huwajibu kwa swali: leo barabara ikoje? Wengi hawajui. Wameona jina, wameona odi, wamemaliza. Ninyi mnaoanza mwaka huu nimewaandikia haya kwa sababu nimelipa ada ya somo hili kwa pesa yangu, na sitaki mlipe kiasi hicho hicho.

Kwanza sahau mpira. Mechi ina matokeo matatu tu: nyumbani, sare, ugenini. Tour de France, mbio za baiskeli za wiki tatu zilizogawanywa katika hatua, yaani safari moja ya mashindano kwa siku, mwaka 2025 ilianza na waendeshaji 184 kutoka timu 23, na kila jioni mshindi wa hatua ni mmoja. Tadej Pogačar mwaka 2024 alishinda Giro d'Italia, mbio kama hizo za Italia, na Tour katika msimu mmoja, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu 1998, na bado katika kila moja ya mashindano hayo alichukua hatua 6 kati ya 21. Yaani hata mwaka wake wa dhahabu, aliyembeti kila siku alipoteza siku 15. Kwa hiyo ile tabia ya kuokota majina matano makubwa na kuyafunga kwenye multibeti, iache kwenye mpira. Mkeka wa hatua tatu za baiskeli huchanika karibu kila mara, hata ukiwa umesoma vizuri.

Sasa barabara. Chukua njia mnayoijua. Kutoka hapa Mamboleo ukipita Miwani hadi Chemelil ni tambarare, miwa kulia na kushoto. Ukifika Chemelil ukaamua kwenda Nandi Hills, unaanza kupanda ukuta. Mwili unaofaa kwa kipande cha kwanza haufai kwa cha pili. Jamaa mnene wa mapaja, mwenye kilo 80, atakuacha mbali ukitoka Miwani, lakini kwenye mlima utampita akiwa anahema. Tour nayo ni hivyo hivyo. Kuna hatua tambarare za masprinta, watu kama Jasper Philipsen, Tim Merlier na Jonathan Milan, ambao kazi yao ni mita 200 za mwisho. Kuna za milima mikubwa. Kuna mbio dhidi ya saa, ambapo kila mtu anaendesha peke yake. Halafu kuna za vilima vya kati, na hizo ndizo zinazokula pesa za wageni, maana sprinta anaweza kuachwa na mpanda milima anaweza kuona hakuna faida ya kujichosha.

Usitazame tu urefu wa mlima. Tazama uko wapi. Mlima mkali ukiwa kilomita 90 kabla ya mwisho, masprinta wana muda wa kurudi. Ukiwa kilomita 8 kabla ya mwisho, wamekwisha. Mchoro wa kila hatua unatolewa na waandaaji wiki nyingi kabla, bure. Kijana anayebeti bila kuufungua mchoro huo anacheza bahati nasibu, na ni heri ajue hivyo.

Na upepo. Mtu wa Kisumu hapaswi kufundishwa upepo. Nilibeba abiria kwa baiskeli miaka mingi kabla pikipiki hazijatufukuza barabarani, na ninajua kurudi mjini kutoka Ahero saa tisa mchana, upepo wa ziwa ukikupiga usoni, ni kazi mara mbili ya asubuhi. Siku hizo tulikuwa tunajificha nyuma ya trekta la miwa. Ukiwa pale unasikia hewa imetulia, pedali zimekuwa nyepesi, na ukitoka pembeni kidogo tu unapigwa kofi. Mbio za kulipwa zote zimejengwa juu ya jambo hilo. Anayekaa nyuma ya mwenzake huokoa karibu theluthi ya nguvu zake, na katikati ya kundi kuu huokoa zaidi. Ndiyo maana sprinta anaweza kufichwa na wenzake kilomita 180 nzima kisha atoke mara moja. Na ndiyo maana upepo wa ubavuni ukiwa mkali kundi hukatika vipande, na jina ulilobeti likibaki kwenye kipande cha nyuma, siku yako imeisha saa mbili kabla ya mwisho. Angalia utabiri wa upepo wa mji wa hatua asubuhi ile ile, si usiku uliopita.

Ukishaijua barabara, bado hujamaliza, na hapa ndipo mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa. Tofautisha anayeweza na anayetaka.

Tarehe 25 Julai 2025, hatua ya 19, Albertville hadi La Plagne. Kwanza, hatua yenyewe ilikatwa kutoka karibu kilomita 130 hadi 95 hivi kwa sababu ng'ombe kwenye mlima mmoja njiani walipatikana na ugonjwa wa mapele ya ngozi, ugonjwa ule ule ambao wafugaji wetu wanauchanjia. Milima ikapungua. Walioweka dau mapema walikuwa wamebeti hatua ambayo haipo tena. Pili, kila mtu kwenye kibanda alisema Pogačar, na kusema kweli hakukuwa na aliyekuwa na miguu kumzidi. Lakini alikuwa anaongoza msimamo wa jumla, yaani muda wa hatua zote ukijumlishwa, kwa zaidi ya dakika nne, na zilikuwa zimebaki siku mbili. Alihitaji nini? Alihitaji tu kubaki karibu na Jonas Vingegaard, aliyekuwa wa pili. Thymen Arensman wa Uholanzi, aliyekuwa mbali kwenye msimamo na hatishi mtu, akachomoka kwenye mlima wa mwisho, wakubwa wakatazamana, na akafika mbele yao kwa sekunde 2. Siku tatu kabla, juu ya Mont Ventoux, vivyo hivyo: hatua ilichukuliwa na Valentin Paret-Peintre kutoka kundi la waliochomoka mapema, wakati mabingwa walikuwa nyuma wakichungana wao kwa wao.

Basi kabla ya kuweka dau jiulize: leo timu gani ina sababu ya kufukuza? Hatua tambarare ikiwa na timu nne zenye sprinta mzuri, waliochomoka watarudishwa. Ikiwa ni wiki ya tatu, masprinta wawili wamekwenda nyumbani, timu zimechoka, hakuna anayetaka kuvuta, waliochomoka wanaachiwa dakika kumi na mshindi anatoka huko. Soma msimamo wa jumla. Mtu aliye nyuma kwa dakika 40 ana ruhusa ya kutoroka, aliye nyuma kwa dakika mbili hana.

Odi nayo uijue inasema nini. Gawanya 100 kwa odi, unapata asilimia ambayo kampuni imeiweka. Chukua mfano wa hatua moja: wa kwanza 2.50, hiyo ni 40. Wa pili 4.00, ni 25. Wa tatu 6.00, karibu 17. Wa nne 10.00, ni 10. Wa tano 15.00, karibu 7. Watu watano tu na tayari umekaribia 99. Sasa ongeza watu 15 wenye odi 40.00, kila mmoja 2.5, hizo ni 37 na nusu. Jumla imefika karibu 136, na bado kuna zaidi ya watu 100 hujawahesabu. Kinachozidi 100 ndicho kinachokuumiza wewe. Kwenye mechi ya mpira ziada hiyo huwa ndogo, mara nyingi haifiki 10. Fanya hesabu hii kwa kalamu mara moja tu kwa hatua halisi, na utaelewa kwa nini nasema hatua nyingi ni za kutazama. Soko la ana kwa ana, yaani kati ya hawa wawili nani atamaliza mbele, lina ziada ndogo na linafaa zaidi kwa mtu aliyesoma barabara.

Naja kwenye kosa langu.

Tarehe 1 Julai 2024, Turin, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua ya 3. Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour. Nililia, sioni aibu kuandika hivyo. Mtu wa huku kwetu, amekulia Asmara, amewashinda kwenye barabara yao. Akashinda ya 8, akashinda ya 12. Ya 12 nilikuwa nimembeti, nikapata kidogo, na moyo ukaniambia mtu huyu sasa hashindwi. Hatua ya 16, kuelekea Nîmes, tambarare kabisa. Odi yake ilikuwa imeshuka mbali sana na ile ya Turin, sikujali. Niliweka shilingi 2,000. Mia sita zilikuwa zangu, zilizobaki zilikuwa Fuliza, mkopo wa M-Pesa unaojikata pesa ikiingia.

Hatua hizi huisha karibu saa kumi na mbili na nusu jioni kwetu. Nilikuwa na gurudumu la mteja magotini, simu nimeiegemeza kwenye kopo la solusheni. Karibu na mwisho kundi likapinda kwa kasi na watu wakaanguka. Kamera iliendelea na waliokuwa mbele. Nikaitafuta jezi ya kijani, ile ya anayeongoza kwa pointi, ambayo Girmay alikuwa ameivaa, pale mbele, sikuiona. Philipsen akashinda. Girmay alikuwa chini. Alifika baadaye akiwa amechubuka, na jezi ya kijani aliifikisha hadi Nice, hivyo yeye hakupoteza kitu kikubwa. Kesho yake asubuhi mteja alinitumia 150 za tyubu kwa M-Pesa na zikamezwa zote na Fuliza kabla sijaziona. Siku nne nilifanya kazi namna hiyo. Mama watoto aliniuliza mbona pesa ya unga haipo, na ilinibidi nimwambie.

Nilikosea mambo mawili, na si kuanguka kwa Girmay, maana kuanguka hakutabiriki. La kwanza, nilinunua kwa bei ya juu kitu ambacho wiki mbili kabla kilikuwa rahisi. Ushindi wa jana tayari umo ndani ya odi ya leo. Mwaka 2025 Girmay hakushinda hatua hata moja, ingawa alianza kwa kushika nafasi ya pili siku ya kwanza. Shangilia wa kwenu kwa sauti yote, lakini dau ni jambo jingine. La pili, niliongeza dau kwa sababu nilikuwa nimeshinda. Tangu hapo dau langu ni 100, siku nzuri na siku mbaya, na pesa ya Julai nzima naitenga mwanzoni. Ikiisha tarehe 10, hatua zilizobaki natazama tu. Fuliza kwa kubeti usiguse kabisa. Kama umeshaigusa zaidi ya mara moja, omba kampuni ikufungie akaunti na umwambie mtu mmoja wa nyumbani. Na kama hujafika miaka 18, sheria haikuruhusu, nami sitakusaidia kwa siri.

Weka daftari. Si la kuandika ulichoshinda tu. Andika kabla hatua haijaanza: barabara ikoje, nani anataka, kwa nini odi hii ni nzuri. Ukikosa la kuandika kwenye swali la tatu, usibeti. Tour ya 2025 niliandika hatua zote 21 na kubeti 9. Nilitoa 900, nikapata moja yenye odi 6.50, yaani 650. Nilipoteza 250, na naihesabu kuwa kazi nzuri kuliko miaka yangu yote ya kubahatisha. Anayekuambia analipa kodi ya nyumba kwa hatua za baiskeli, mwombe akuonyeshe taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, si picha ya mkeka mmoja.

Mwisho soma masharti ya kampuni yako, sehemu ya baiskeli, ambayo wengi hawajawahi kuifungua. Mwendeshaji asipoanza hatua, dau linarudi au limekufa? Akianza akaanguka? Sheria ya mbio inayompa aliyeanguka kilomita za mwisho muda wa kundi lake haikusaidii wewe, ile ni ya msimamo wa jumla. Na hatua ikikosa mshindi? Hutokea. Julai 2019 mvua ya mawe na maporomoko ya udongo vilikata hatua ya 19, muda ukachukuliwa juu ya Col de l'Iseran, mshindi wa hatua hakutangazwa. Septemba 2025 hatua ya 11 ya Vuelta, mbio za Hispania, huko Bilbao, muda ulichukuliwa kilomita 3 kabla ya mwisho kwa sababu ya maandamano, na hapo pia hakukuwa na mshindi.

Jioni hiyo ya Bilbao kijana mmoja alikuwa kibandani amebeti 200. Alikuwa amekasirika, anataka kuzirusha mara moja kwenye mechi ya usiku zikirudi. Tukafungua masharti pamoja, tukasoma kipengele polepole, tukapiga picha ya skrini ya mkeka wake na matokeo. Pesa zilirudi kesho yake mchana. Alinionyesha ujumbe, akazitoa, akaniuliza Giro huanza lini. Nikamwambia Mei, na mchoro wa barabara utakuwa umetoka mapema.