Wasomaji Wauliza: Babu Alitoka katika Argus

SWALI: Ndugu mhariri, marehemu babu yetu Ramadhani alikuwa akisema alipigwa picha Kololo, Kampala, siku ya Uhuru wa Uganda, ikatoka katika gazeti la Uganda Argus. Nimepita ofisi mbili za magazeti, vijana wa mapokezi wanasema hilo hawalijui. Niende wapi? – Msomaji, Bombo

JIBU: Hawakukosea sana. Argus lilianza Kampala mwaka 1955, na jina hilo likafa 1972 wakati serikali ya Idi Amin ilipoligeuza Voice of Uganda. Amin alipoanguka 1979 likaja Uganda Times. New Vision ni la 1986, la utawala mwingine. Kwa hiyo usiombe "gazeti la serikali la zamani". Taja jina na mwaka, kwani majalada hupangwa kwa jina lililokuwa kichwani mwa gazeti wakati huo.

Anza na Maktaba Kuu ya Makerere, ambayo kwa sheria ndiyo iliyokuwa ikiwekewa nakala za machapisho ya nchi. Beba kitambulisho, na uliza mapema masharti ya wasio wanafunzi. Ukikosa hapo, teremka Wandegeya kwenye Nyaraka za Taifa.

Uhuru ulikuwa Jumanne, 9 Oktoba 1962. Wengi hufungua toleo la tarehe 9, hawaoni kitu, wanarudi nyumbani. Gazeti la asubuhi huchapwa usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa hiyo mambo ya mchana wa Jumanne yatafute kuanzia Jumatano tarehe 10, kisha uendelee hadi mwisho wa wiki ifuatayo. Picha za watu wa kawaida husubiri nafasi.

Jina nalo ni mtego. Babu wa Bombo huenda aliandikwa Ramathan. Akiwa katika gazeti la Kiganda, mtafute pia kwenye L: Kiganda huandika r baada ya e na i tu, hivyo Ramadhani huwa Lamazaani. Soma maelezo yaliyo chini ya kila picha, usitegemee vichwa vya habari.

Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa bila kuondolewa lignini, gundi ya asili ya mti, ndiyo maana hugeuka njano na kukatika, kwanza pale ilipokunjwa. Geuza ukurasa kwa mikono miwili ukishika pembe ya juu, usilambe kidole. Piga picha bila flashi: moja ya ukurasa mzima, tarehe na namba ya ukurasa zikionekana, nyingine ya karibu. Wengi hupiga ile ya karibu tu, na baada ya mwezi hawajui ilitoka toleo gani.

SWALI: Watoto wana kazi ya shule kuhusu watu wa magazeti ya Kampala. Nani wasiachwe? – Mama wa watatu, Jinja

JIBU: Kwangu, wa kwanza ni Padre Clement Kiggundu, mhariri wa Munno, gazeti la Kikatoliki la Kiganda lililoanza 1911. Aliuawa Januari 1973, mwili wake ukakutwa ndani ya gari lililochomwa. Rajat Neogy, mzaliwa wa Kampala, alianzisha jarida la Transition mwaka 1961, na mwaka 1968 akatiwa ndani pamoja na mbunge Abu Mayanja kwa yaliyoandikwa humo. Wafula Oguttu na Charles Onyango-Obbo wamo kati ya walioanzisha The Monitor mwaka 1992. William Pike, aliyekuwa mhariri mkuu wa New Vision, apewe aya moja.

Wakilitafuta Monitor la Oktoba 2002 au Mei 2013 na kukuta pengo la siku kama 10, wasimlaumu mkutubi. Polisi walikuwa wamelifunga.

SWALI: Nimekuza picha ya gazeti la zamani kwenye simu, sura imegeuka vitone. Simu ni mbovu? – Msomaji, Arua

JIBU: Simu ni nzima. Mtambo wa uchapaji hauna wino wa kijivu; huweka vitone vyeusi, vikubwa penye giza na vidogo penye mwanga, jicho ndilo linalovichanganya. Isogeze mbali kidogo, sura itarudi. Ukitaka ya kutundika ukutani, tafuta nakala ya mpiga picha mwenyewe, maana kuikuza ile ya gazeti kutakupa vitone vikubwa zaidi tu.