Nimeandika "different to", nimekosea?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kazi yangu ni kutafsiri ripoti kwa Kiingereza. Juzi mteja alinirudishia kurasa zangu, kila penye "different to" amekata na kuandika "different from". Nikauliza kwenye intaneti, yote mawili yakaniletea mamilioni ya kurasa. Nimwamini nani?

JIBU: Marahaba. Hayo mamilioni yaache. Ni makadirio ya mtambo, na walioandika kurasa hizo ni watu wa kila aina, wakiwamo wanafunzi wa lugha kama mimi na wewe. Unachohitaji ni kopasi, yaani mkusanyo wa matini halisi zilizochaguliwa kwa utaratibu, ambamo unaweza kutafuta neno au fungu la maneno.

Mimi huanza na British National Corpus: maneno yapatayo milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza cha mwishoni mwa karne ya 20. Sehemu ya kumi ni mazungumzo yaliyorekodiwa, na hapo ndipo ninapopapenda. Kwa Kiingereza cha Marekani kuna kopasi ya COCA (Corpus of Contemporary American English), yenye maneno zaidi ya bilioni moja, ya kuanzia 1990 hadi 2019. Zote utazipata english-corpora.org. Kujisajili ni bure, ila kuna kikomo cha utafutaji kwa siku.

Ukitafuta, utaona "different from" inaongoza kote kuwili. "Different to" ni ya Waingereza, hasa wanapozungumza. "Different than" ni ya Wamarekani. Basi hukukosea, ingawa kwa ripoti rasmi ningemfuata mteja.

Ila nakusihi, usiishie kwenye idadi. Fungua mistari ambamo fungu ulilotafuta limetokea, uisome. Niliwahi kutafuta "discuss about" nikitaka kujua kama wenye lugha huitumia. Fungu kama hilo linaweza kutokea katika sentensi ya namna ya "matters we discuss about once a month", na hapo "about" haihusiani kabisa na "discuss". Ni ya "once", kwa maana ya takriban. Kompyuta inahesabu tu maneno yaliyokaa jirani. Wewe ndiye wa kutambua lipi linalitegemea lipi. Tazama pia mstari umetoka wapi: riwaya, gazeti, au mtu akiongea?

Siku mteja akikata neno unaloliamini, nakili mistari mitano sita pamoja na chanzo cha kila mmoja, umpelekee. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi, na mazungumzo huwa mafupi.