Mbona kadi ya mama ni mara tatu ya yangu?

Mbukwenyi wasomaji. Mwezi huu barua nyingi zinazungumzia kitu kimoja, bima ya wazee wetu wenye sukari na presha, na bei ambazo ukitajiwa unatafuta kwanza pa kukaa. Nimechukua nne, nyingine zinafanana na hizi.

SWALI: Dada habari za kazi. Niko Nkuhungu nauza vifaa vya ujenzi. Mama yangu ana miaka 67, anakaa Mpwapwa, ana sukari ya siku nyingi na presha. Nimeenda kwa wakala wa kampuni moja binafsi, mimi wa miaka 38 kaniambia 350,000 kwa mwaka, mama 1,150,000, kifurushi kilekile! Namuuliza kwa nini anasema ni umri tu. Sa hivi dawa za mama natoa 38,000 kila mwezi na kila baada ya miezi mitatu anakuja kliniki mjini, vipimo na daktari kama 45,000. Tumezaliwa watatu, mdogo wangu wa kike ndo ameajiriwa, mwalimu wa shule ya msingi Chamwino, ana mume na watoto wawili, kitinda mimba bado anahangaika na ajira. Karatasi ya wakala nakutumia. Nilipe au naibiwa?

JIBU: Mdogo wangu, huibiwi, ila sikushauri ulipe, na nitakwambia kwa nini.

Tuanze na bei. Bima ni mfuko wa watu wengi, wazima wanalipa na wanaoumwa wanatumia. Shida inakuja pale kujiunga kunapokuwa hiari. Chukulia kile kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaani kwenu, kama watu wangekuwa wanajiunga siku mgonjwa wao amezidiwa tu, mwezi wa pili mweka hazina angekuwa anakimbia watu barabarani. Kampuni inajua kijana wa miaka 25 anaahirisha kadi kila mwaka na anayekuja mbio ni mwenye mzee anayetumia dawa kila siku, kwa hiyo inapanga bei kwa makundi ya umri na ukishavuka 60 unapanda ngazi ya juu kabisa. Kwa hiyo wakala kakwambia nusu ya ukweli, umri upo lakini kuna na hiyo ya nani anajiunga na kwa sababu gani.

Sasa hiyo karatasi. Mbele kuna picha ya familia inacheka, geuza nyuma, mstari wa nne kutoka chini, herufi ndogo kama za kwenye kopo la dawa ya mende: matibabu ya magonjwa sugu mwisho 300,000 kwa mwaka, na kulazwa kwa ugonjwa mtu aliokuja nao ni baada ya miezi 12. Tupige hesabu hapo. Dawa 38,000 mara miezi 12 ni 456,000, kliniki nne ni 180,000, jumla 636,000, hiyo ndo unayotoa leo. Ukikata kadi unalipa 1,150,000, kadi inakubebea 300,000 ya sukari na presha, zinazobaki 336,000 unatoa tena mfukoni, unafika 1,486,000. Yaani umeongeza 850,000 kununua ulinzi wa kulazwa, halafu kile kinachoweza kumlaza mama kweli, sukari kupanda, kidonda cha mguu, figo, stroku, kwa mwaka wa kwanza hakimo! Amelindwa malaria na kuvunjika mkono. Kwa bei hiyo mimi hapana.

Halafu jibu lako mbona limo kwenye barua yako mwenyewe. Mdogo wako ni mwalimu wa serikali, anakatwa bima ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF. Pale mchango ni asilimia 6 ya mshahara, 3 anakatwa yeye na 3 anatoa mwajiri, na kadi inabeba mwanachama, mwenza wake na wategemezi wanne, na mzazi ni mtegemezi halali. Ana watoto wawili, kwa hiyo nafasi mbili ziko wazi. Akimwandikisha mama makato hayaongezeki hata shilingi, hakuna anayeuliza mama ana miaka mingapi wala sukari imeanza lini, maana pale kila mtumishi anakatwa apende asipende, vijana wazima wako ndani tayari wanabeba. Hiyo ndo tofauti kubwa na ndo maana nasema kabla hujaenda kwa wakala piga simu kwa ndugu zako.

Najua kuna la ukoo hapo. Mume wa mdogo wako na yeye ana wazazi, na wakwe nao wanaruhusiwa kwenye zile nafasi nne, sasa kaeni mzungumze mapema, msimshtukize shemeji kwenye simu. Na wewe usijitoe kwa sababu kadi ni ya mwenzako, nauli ya Mpwapwa mjini na chakula cha mgonjwa wa sukari bado vinataka mtu. Kitakachowachelewesha ni majina. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha mwalimu mama kaandikwa kwa jina moja, kwenye NIDA lingine, mkifika na hayo mtarudishwa, nyoosheni kwanza. Na siku akianza kutumia kadi, akiambiwa dirishani dawa fulani imeisha asigeuke kimyakimya akanunue, aombe fomu ya kwenda kuichukua kwenye duka la dawa lenye mkataba na Mfuko. Wazee wetu wana aibu ya kuuliza, anajibiwa "hakuna" anasema haya asante mwanangu anaondoka.

SWALI: Mambo vipi dada. Najaza fomu ya bima ya baba, ana presha na alishawahi kupata stroku ndogo. Wakala kasema kwenye kipengele cha magonjwa niweke "hapana" kote ili bei isipande, eti wote wanafanya hivyo. Kuna ubaya? Niko Area C.

JIBU: Usithubutu. Mkataba wa bima umekaa kwenye kusema kweli, ukificha jambo kubwa kama stroku kampuni ina haki ya kukataa kulipa, na itajua tu, faili la baba lina tarehe na dawa zote. Sasa piga picha, baba kalazwa, bili iko mezani, na wewe umeshalipa mwaka mzima, unaambiwa mkataba hauna nguvu. Yule wakala siku hiyo simu yake haipatikani, kamisheni alishakula. Mwambie hilo la kuweka "hapana" akuandikie kwa maandishi na asaini, utaona anavyobadilisha mada. Jaza ukweli, uliza bei na muda wa kusubiri kwa ugonjwa alionao, ukiona haikufai achana nayo. Na hela ya kwanza ilipie kwenye kampuni yenyewe upate stakabadhi, isipite kwenye simu ya mtu. Ukidhulumiwa kuna TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, wapo kwa kazi hiyo.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mzee wa miaka 71 wa Bahi, nalima uwele na ufuta kidogo. Nina presha. Watoto wangu hakuna aliyeajiriwa. Naambiwa wazee bure lakini nikienda naambiwa dawa kanunue. Nifanyeje?

JIBU: Shikamoo baba. Bure ipo, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inataka mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo, lakini hilo neno "asiye na uwezo" lazima lithibitishwe. Anza kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, wakuandikie, barua iende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri upate kitambulisho cha msamaha. Bila hicho kila siku utakuwa unaanza kujieleza upya getini. Ila nikwambie ukweli baba, kitambulisho kinakufutia malipo, dawa ambayo haipo stoo hakiileti, na hapo ndo wazee wengi wanakwama.

Ndo maana ningekushauri uangalie na bima ya kaya. CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipoboreshwa na kusambazwa nchi nzima mwaka 2018, huku kwetu mikoani kaya ya watu hadi 6 ilikuwa inalipa 30,000 kwa mwaka, mzee na mtoto bei moja, unaanzia zahanati na ukipewa rufaa unafika mpaka hospitali ya mkoa. Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023 mambo ya vifurushi yanabadilika, kwa hiyo muulize mwandikishaji kiwango cha leo na hatua za rufaa. Lipa baada ya kuuza ufuta, usisubiri Februari wakati ghala limekauka. Na hiyo presha baba, dawa ni kila siku hata kichwa kisipouma.

SWALI: Mimi ni mwalimu, Kondoa, nastaafu mwakani. Kwenye kadi yangu yumo mke wangu, mama yangu mzazi mwenye kisukari na watoto wawili. Itakuwaje?

JIBU: Mwalimu shikamoo na hongera. Kwa mwanachama wa NHIF aliyetimiza masharti ya kuchangia, ukistaafu wewe na mwenza wako mnaendelea kutibiwa bila kukatwa. Mama na watoto ndo wanatoka. Kwa hiyo usingoje barua ya kustaafu, sasa hivi angalia ndugu yako yeyote wa tumbo moja mwenye ajira na nafasi kwenye kadi, mama ahamie huko mapema asikose dawa hata mwezi mmoja. Mtoto wako hata akiajiriwa kesho hawezi kumbeba, kwake yule ni bibi, na bibi hayumo kwenye orodha ya wategemezi.