Siku ya mwisho Lisbon: acheni kumalizia viporo, nendeni mkaione dhahabu ya Kilwa

Jamani naomba niliseme hili kwa familia zinazopanga kwenda Lisbon, hasa kama asili yenu ni pwani kama sisi. Siku ya mwisho msiifanye ya kukimbizana na kila kitu ambacho hamjakiona. Sisi tulikuwa watano, mimi, baba watoto, wanetu wawili (miaka 9 na 6) na mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea hapa Uingereza kutoka Kilwa Masoko. Visa yake ya Schengen tuliihangaikia mapema, maana visa ya Uingereza haikuingizi Ureno na wengi wanakuja kujua wakishakata tiketi.

Siku ya tatu tuliipoteza kwenye foleni ya tramu namba 28. Kila mtu anakwambia lazima uipande, basi tukasimama saa nzima na zaidi juani, tramu zinakuja zimejaa, mdogo analia, mkubwa kanuna, na mama magoti yanamuuma kwenye yale mawe meupe ya barabarani yanayoteleza kama yamepakwa mafuta. Iliniuma sana. Usiku nikamuuliza mama, kesho ndo tunaondoka, ungependa kuona nini? Akaniambia, "Mwanangu, makanisa nimeyaona, ngazi nimepanda. Hawa si ndo waliokuja kwetu zamani? Nipeleke nikaone kinachotuhusu."

Basi siku nzima tukaijenga juu ya neno hilo.

Asubuhi mabegi tukayaacha stesheni ya Santa Apolónia, kuna makabati ya kulipia, ndege yetu ilikuwa usiku. Tukapanda tramu 15 kwenda Belém, nayo ni ndefu ya kisasa, mama aliingia bila shida. Pale kuna monasteri ya Jerónimos, ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 na sehemu ya hela ilitoka kwenye kodi ya biashara ya viungo na mali za Afrika na India. Ukiingia tu kanisani, kushoto, kaburi la Vasco da Gama. Huyu ndo yule aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mwanangu mkubwa alikuwa ameshamsoma shule kama shujaa wa safari, mama akamwambia taratibu kwamba mwaka 1502 huyo huyo alikuja Kilwa na meli za mizinga akamtishia sultani atauchoma mji kama hatoi dhahabu. Mtoto alinyamaza muda mrefu. Mnara wa Belém tuliuangalia kwa nje, ukatutosha.

Sasa hapa ndo nataka mnisikilize. Wengi wakitoka Belém wanarudi mjini moja kwa moja. Njiani kuna makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale, Museu Nacional de Arte Antiga, na ndani yake kuna Custódia de Belém, chombo cha kanisani cha kuwekea Sakramenti, yaani mkate mtakatifu wa Wakatoliki, wakati wa kuabudu. Kilitengenezwa mwaka 1506 na sonara Gil Vicente kwa amri ya mfalme Manuel I, na dhahabu yake ni ile ile iliyotoka Kilwa, mithkali 1,500 (mithkali ni kipimo cha zamani cha dhahabu) ambazo da Gama alirudi nazo mwaka 1503. Mfalme akakiachia wosia kiende monasteri ya Jerónimos, kwa hiyo mkianza Belém mkamalizia hapa, watoto wanaelewa kisa chote bila kuhadithiwa sana. (Jumatatu sehemu zote mbili zinafungwa, angalieni sana siku mnayoondoka isiwe hiyo.) Mkiwa na mzee pandeni teksi mpaka mlangoni, ukishuka kwenye tramu unakutana na ngazi ndefu.

Chombo chenyewe hakifiki hata mita moja kwenda juu. Mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka katikati, wadogo kama kidole, nguo zao zina rangi, na juu yao ananing'inia njiwa mdogo. Mama akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa ncha ya mtandio. Mlinzi akasogea, akamwangalia, akarudi zake. Mdogo akauliza, "Bibi, hii ni ya kwetu?" Mama akamjibu, "Dhahabu ilitoka kwetu, mjukuu wangu. Kule wageni wanakuja kuangalia magofu ya msikiti na majumba. Mali yenyewe iko huku." Hakusema kwa hasira. Tulikaa mbele ya kile kioo karibu nusu saa, na sijawahi kuona wanangu wametulia hivyo makumbusho yoyote. Na mimi niliyezaliwa Kilwa ndo nilikuwa nakiona mara ya kwanza, nina miaka 38.

Nyuma ya makumbusho kuna bustani yenye mgahawa, unaona mto Tejo wote. Watoto wakala keki, mama akaagiza chai, akauliza zile meli zilikuwa zinatokea upande gani. Baba watoto akamwonyesha kulia, kule kwenye lile daraja jekundu, ukilipita unaelekea baharini. Mama akageuza kiti kikaelekea huko, akakaa anaangalia mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyemwambia tuharakishe.