Unakwenda kujitolea hospitali ya ugenini? Beba karatasi kwanza

Juzi muuguzi mmoja wa Kilifi ameniandikia inboksi. Amepata nafasi ya kujitolea kwenye kituo cha afya mkoani Dodoma, anauliza abebe nini. Nimecheka peke yangu, maana swali hilo nami niliwauliza walionialika, wakaniambia nije na stethoskopu na chandarua.

Dada yangu, beba karatasi. Leseni yetu ya Kenya ukivuka mpaka wa Horohoro kuingia Tanzania haikuruhusu kumgusa mgonjwa. Unatakiwa uwe na usajili wa muda wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na kibali cha ukaazi daraja C, ambalo ndilo la watu wa kujitolea. Usidanganyike kwamba sisi ni Afrika Mashariki, tutaelewana tu. Taasisi iliyonipeleka, siitaji jina, iliniambia hayo "yatashughulikiwa ukishafika". Nikafika. Mimi niliyezalisha usiku kucha pale Mombasa, nikakaa Kongwa, huko huko Dodoma, wiki nenda wiki rudi najaza vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za kituo, na kuwaning'iniza watoto kwenye mizani. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alinijibu mara moja tu, kwa upole: "Mama akipata shida mikononi mwako, mimi nitaandika kwamba wewe ni nani?" Sikuwa na jibu. Usiku nililia. Yeye sina kinyongo naye, ila walionipeleka bado sijawasamehe, na sijifichi kusema hivyo.

Aliyeniweka mjini, kama wasemavyo, hakuwa daktari. Alikuwa mhudumu wa afya, mama wa Kigogo anayepiga deki, anayechemsha vifaa na kujua kila boma lina mjamzito gani. Nilimwamkia shikamoo siku ya kwanza, basi akanichukua. Ndiye aliyenionyesha wapi dumu la maji halina chumvi sana, akanifundisha kusema "mbukwenyi" nikikuta watu wamekaa, na akanilisha ugali wa uwele na mlenda mpaka nikaacha kuota wali wa nazi. (Mlenda nimeuzoea. Uwele, tuseme tumeheshimiana.)

Siku moja nipo naye kwenye benchi la kliniki. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu akafungua fundo la kanga, akatoa kibanio kidogo cha chuma, akaanza kung'oa kope zake mwenyewe, moja moja, bila kioo, anapapasa kwa kidole. Nikamtazama mhudumu. Akasema, "Vikope hivyo, mwanangu." Vikope ndiyo trakoma, na trakoma mimi niliijua ya kwenye mtihani. Pale nikaona kazi yake: mtoto anaambukizwa mara kwa mara, kwa nzi, kwa mikono, kwa kitambaa kimoja cha kufutia nyuso zote, kovu linajengeka ndani ya kope, kope linageukia ndani, na akishakuwa mtu mzima kila akipepesa nywele zinakwangua jicho. Upasuaji wake ni mdogo, wa ganzi ya pale pale, lakini bibi alikuwa hataki kusikia habari ya kisu karibu na jicho. Mhudumu alimbembeleza kwa Kigogo, mimi nikamshika mkono siku yenyewe mpaka mwisho. Baadaye akaja na jirani yake, na huyo naye akatibiwa. Hapo najisifia, mniwie radhi.

Kwa hiyo ukiniuliza usome nini kabla ya kupanda basi, soma magonjwa ya pale unapokwenda, si ya kwenu. Sisi wa pwani kila homa tunawaza malaria. Dodoma malaria ni kidogo sana ukilinganisha na kanda ya Ziwa, kwa hiyo kipimo kikitoka hasi kiamini, uendelee kutafuta. Na mtu akija na macho ya manjano na tumbo limejaa, uliza mahindi yake yamehifadhiwaje: mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Nani angenifundisha hayo Mombasa?

Halafu, jamani, acheni "kwetu Kenya tunafanya hivi". Nimewasikia wenzangu wakiisema mbele ya wauguzi wanaohudumia kata nzima wakiwa wawili. Kaa kimya, shika kibuyu chirizi, kile cha kunawia maji yakichirizika, waonyeshe watoto kunawa uso. Kazi kubwa utapewa wakishakujua, na karatasi zikishatoka. Zangu zilitoka, nikaingia wodi ya wazazi, na hakuna aliyeniuliza tena mimi ni nani.

Umeuliza pia habari ya pesa. Posho yangu ya mwezi wa mwisho sijalipwa hadi leo. Barua yangu ya mwaliko ilisema "posho itatolewa", basi, bila kiasi wala tarehe. Yako nitumie niisome kabla hujasaini.