Tuulize Kiingereza: mbona pilau hainukii "nicely"?

Shikamoo mwalimu. Kwenye barua ya kuomba kazi niliandika "I work hardly", mshkaji wangu akaisoma akacheka mpaka basi, eti nimejichongea. Si tulifundishwa ukiongeza -ly unapata kielezi? – Msomaji, Dodoma

Marahaba. Mshkaji ana haki ya kucheka ila angekwambia na sababu. Hapo umemwambia bosi kwamba kazi ni kama hufanyi kabisa, maana hardly ni neno jingine lenye maisha yake. Ukitaka kusema unapiga kazi kwa bidii ni "I work hard", basi, usiongeze kitu. Late na lately ni hivohivo, "he came late" kachelewa, lately ni siku hizi, hizi siku za karibuni. Na fastly futa kabisa kichwani, ni fast tu, gari ni fast na linakimbia fast. Sababu ni ya zamani sana, Kiingereza cha kale kilikua kinaweka -e mwishoni mwa kivumishi kupata kielezi, ile -e ikaja kumezwa midomoni mwa watu, ndo maana maneno kama hard na fast yamebaki na sura moja yanafanya kazi zote mbili.

Habari mwalimu, naomba unitenganishie good na well maana kila siku nasahihishwa mara huku mara kule. – Mama wa watoto wawili, Tanga

Dada, hapa Kiswahili chako kinakusaidia sana halafu ghafla kinakuangusha. Sisi tunasema "mtoto mzuri anaimba vizuri", mzuri ni wa mtoto, vizuri ni wa kuimba. Kwahiyo ukiona "vizuri" weka well: she sings well, he drives well, I slept well. Mpaka hapo huna shida.

Shida ni pale tunaposema pilau inanukia vizuri, unaonekana vizuri, najisikia vizuri. Sisi bado tuko na vizuri, wenzetu wamerudi kwenye kivumishi, it smells nice, you look good, I feel good. Ukisema "the pilau smells nicely" yani pilau ina pua na inazijua harufu kweli kweli. Hapo sio tendo, ni sifa ya pilau inayokufikia wewe. Njia yangu ya kuhakikisha ni kutoa kile kitenzi na kuweka is, the pilau is nice, imekubali, basi ni kivumishi. Jaribu na "he looked angry" alionekana kakasirika, alafu "he looked angrily at me" alinitolea macho kwa hasira, huyu wa pili anafanya kitu kwahiyo is inakataa. Kwenye afya well inageuka kivumishi, "I am well" ni mzima wa mwili. "I am good" wengi wanajibu salamu nayo na mimi sioni kosa, wanaokomalia hiyo nawaona wana muda mwingi.

Mwalimu, kama sheria ndo hizo mbona Apple walitangaza "Think different"? – Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Mombasa

Ile ya 1997 ilileta kelele kweli kwa watu wa sarufi. Ila unaweza kuisoma kama "think big", yani different ni kile unachokiwaza na sio namna ya kuwaza, na hapo haina kosa. Isitoshe Wamarekani mtaani wanasema "drive slow" na "come quick" bila wasiwasi. Wewe kwenye mtihani andika differently, msahihishaji hauzi kompyuta.

Nilimwandikia dada mmoja "I am boring today" hakujibu tena. Tatizo nini? – Msomaji, Morogoro

Kaka pole. Umemwambia wewe ni mtu wa kuboa. Uliyeboeka ni bored, kinachokuboa ni boring, na wengine wote wa ukoo huo wanaenda hivo, tired na tiring, interested na interesting. Mwandikie tena "I was bored", akikaa kimya basi sarufi haikuhusika.