Saab 9-5 Aero ya 2001: kabla hujalipa, uliza sampu ilishushwa lini

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama ununue hiyo Saab 9-5 Aero ya 2001 uliyoiona Malmö: injini ya lita 2.3 yenye turbo, giaboksi ya mkono, kilomita 240,000, na mwenyewe anasema "imetunzwa". Pili, kwa nini watu bado wanayang'ang'ania magari ya kampuni iliyofilisika Desemba 2011. Naanza na la pili, kwa kuwa sifa ya gari hili na ugonjwa wake vinatoka mahali pamoja.

Injini ya Aero, B235R, ilitoka kiwandani na nguvu farasi 230, zikapandishwa hadi 250 kwenye modeli za 2002. Namba hizo ni za kawaida. Utamu uko kwenye torki, yaani nguvu ya kuzungusha: Nm 350 zote unazipata injini ikiwa kwenye mizunguko 1,900 tu kwa dakika. Uko gia ya nne nyuma ya lori, huna haja ya kushusha gia. Unakanyaga, gari linaondoka, hata likiwa na watu watano na buti limejaa. Huo ndio mwelekeo wa Saab tangu 99 Turbo ilipoonyeshwa Frankfurt mwaka 1977. Mhandisi Per Gillbrand na wenzake walitaka turbo inayosukuma mapema, kwenye mizunguko ambayo dereva anaitumia kila siku barabarani. Ongeza viti ambavyo mgongo haulalamiki kutoka Malmö hadi Stockholm, swichi ya ufunguo iliyo katikati ya viti, na kitufe cha Night Panel kinachozima taa za dashibodi usiku na kukubakizia spidi peke yake. Aliyezoea hayo ni vigumu kumhamisha.

Sasa ugonjwa. Kwenye 9-5 hadi modeli za 2003, na 9-3 za wakati huo zenye injini za familia hiyo hiyo, oili inageuka tope. Sababu ni nne na zinasaidiana. Egzosi inashuka mbele ya injini, na masega yake (kichujio cha gesi chafu, catalytic converter) yako jirani na sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kwa hiyo oili inapikwa. Sampu inabeba lita 4 tu. Mfumo wa kupumulia wa krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) ulikuwa dhaifu, hivyo mvuke wa petroli na maji unabaki ndani badala ya kuchomwa. Halafu kitabu cha huduma kiliruhusu kilomita 20,000 kabla ya kubadilisha oili, na wengi walijaza oili ya bei rahisi. Matokeo yake ni chembe nyeusi ngumu, kama masizi yanayobanduka chini ya sufuria, nazo zinaenda kukaa kwenye chujio la mdomo wa pampu ya oili. Chujio likiziba, oili haipandi vya kutosha. Beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) zinaliwa, turbo inafuata. Taa ya oili usiitegemee kabisa, kwa sababu inawaka shinikizo likiwa limeshaporomoka.

Ndiyo maana swali la kumwuliza mwenye gari si kilomita. Ni hili: sampu ilishushwa lini, na risiti iko wapi? Gari la kilomita 300,000 lenye risiti za oili kila kilomita 8,000 hadi 10,000 ni bora kuliko la 140,000 lililofuata kitabu.

Kama halijashushwa, hesabu kazi hiyo ndani ya bei na uifanye kabla ya kuanza kulitumia. Ni kazi ya nusu siku kwa mtu mwenye zana. Pandisha gari kwenye stendi madhubuti, mwaga oili ikiwa ya moto, toa bomba la mbele la egzosi, kisha fungua bolti za sampu bila kusahau zile zinazoingia kwenye giaboksi. Sampu ni ya alumini na imegandishwa kwa gundi, haina gasketi. Ibandue taratibu pembeni, usipige bisibisi katikati ya nyuso mbili maana ukikwaruza hapo itavuja milele. Toa chujio ulimulike kwa tochi. Chembe chache ni kawaida ya umri. Likiwa limeziba nusu au zaidi, usifunge kwanza: fungua kofia ya konrodi moja uangalie beringi. Ikiwa rangi ya shaba imeanza kuonekana, hilo si gari la kununuliwa kwa bei ya gari zima.

Unaporudishia, badilisha oringi ya bomba la chujio hata kama inaonekana nzima. Ya zamani inakauka na kuwa ngumu, pampu inavuta hewa badala ya oili, na utahangaika na shinikizo dogo wakati chujio ni safi. Kwangua gundi yote ya zamani na usafishe kwa brake cleaner. Gundi mpya ya flanji ipake mstari mwembamba tu, kwa sababu inayofurika kuelekea ndani inakatika na kuishia kwenye chujio lile lile ulilotoka kusafisha. Ipe muda wa kukauka ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kumimina oili. Na nasisitiza sana: usimwage dawa ya kuoshea injini ndani ya injini yenye tope. Inabandua mabonge yote kwa pamoja na kuyapeleka kwenye chujio. Injini nyingi zimekufa wiki ile ile zilipooshwa.

Baada ya hapo, sinthetiki kamili ya 0W-40 au 5W-40 yenye kibali cha GM-LL-A-025 au dexos2, lita 4 na filta mpya, kila kilomita 8,000 au kila mwaka, lolote litakalotangulia.

Sambamba na sampu, angalia mfumo wa kupumulia. Kiwanda kiliurekebisha mara kadhaa, na toleo linalotakiwa kwa miaka hiyo ni seti ya vipuri (kit) namba 6, ambayo mafundi wa Saab wanaijua kwa namba hiyo. Inakuja na mipira mipya na valvu za upande mmoja. Valvu hizo zikichoka, presha ya turbo inaingia kwenye krenki, sili zinaanza kuvuja na dipstiki inarushwa juu. Kipimo cha haraka: injini ikiwa imepata moto na iko sailensa (inazunguka bila kukanyagwa), legeza kifuniko cha oili. Kikivutwa kidogo chini, ni vizuri. Kikirukaruka na moshi ukitoka kwa nguvu, kuna kazi.

Tuje kwenye umeme wa kuwasha, ambako watu wengi wanapoteza fedha kwa kutoelewa kinachofanyika. Juu ya injini kuna kaseti moja nyeusi yenye koili nne, imefungwa kwa skrubu nne za Torx T30. Kaseti hii inafanya kazi mbili. Baada ya cheche kuruka, inapeleka volti 80 hivi kwenye plagi na kupima mkondo unaopita kwenye gesi iliyoungua. Kompyuta ya Trionic 7 inasoma mkondo huo na kujua kama silinda imewaka, kama inagonga, na ni silinda ipi. Ndiyo sababu injini hii haina sensa ya kamshafti. Kwa maneno mengine, plagi ni sensa. Ukiweka plagi ya aina nyingine eti ni ya kisasa zaidi, kompyuta inasoma uongo, inapunguza presha ya turbo, na wewe unaanza kuilaumu turbo. Weka NGK PFR6H-10, nafasi ya milimita 1.0, kaza Nm 28 injini ikiwa ya baridi. Kwa maoni yangu hakuna uchunguzi wowote wa nguvu kupungua unaopaswa kuanza kabla ya plagi kuwa sahihi.

Kaseti yenyewe inakufa kwa joto. Dalili ni kumisi (silinda kukosa kuwaka) ukikanyaga, taa ya injini kuwaka na msimbo wa hitilafu P0300 au jirani zake, na mwisho gari kugoma kuwaka. Nunua ya asili. Nakala za bei ya chini haziishi. Ukipata ya asili iliyotumika na nzima, iweke kwenye buti pamoja na bisibisi ya T30. Kubadilisha ni dakika kumi kando ya barabara.

Usiichanganye na sensa ya krenki, ambayo nayo inazima gari. Tofauti ni hii: sensa ya krenki ikiharibika, gari linazimika likiwa na moto, mshale wa mizunguko unaanguka sifuri papo hapo, na linawaka tena likipoa. Mpaka unafika gereji, hakuna kosa linaloonekana.

Kuhusu presha ya turbo: gari la miaka hii likiwa zito, mara nyingi turbo haina hatia. Vipira vyembamba vya vakyum vimepasuka. Mita 5 za silikoni yenye kuta nene na tundu la milimita 4 zinatosha na kubaki. Badilisha kimoja kimoja, ukikata kipya kwa urefu wa kile ulichotoa, ili usipoteze ramani. Mahali penye mvuke wa petroli usiweke silikoni, petroli inaila. Weka mpira wa mafuta. Kwenye valvu ya kudhibiti presha kuna matundu matatu yenye herufi: C inatoka kwenye kompresa, W inakwenda kwenye wastegate (mlango unaopunguza gesi inayozungusha turbo), R inarudi kwenye njia ya hewa kabla ya turbo. Kipira cha W kikichomoka, wastegate haifunguki, presha inapita kiasi, na kompyuta inakata mafuta ghafla. Ukitaka kupima msingi, chomoa soketi ya umeme ya valvu hiyo uendeshe: presha itulie karibu bar 0.4. Ikitulia hapo, turbo na wastegate viko sawa, tatizo litafute kwingine.

Valvu ya bypass ya kiwandani ni ya plastiki na utando wake unachanika. Itoe, vuta hewa kwa mdomo kwenye tundu dogo, ziba kwa ulimi. Isiposhikilia, ni mbovu. Ya Bosch 0 280 142 110 inaingia vizuri. Kwa mivujo mingine, ziba mdomo wa kuingilia turbo kwa kipande cha bomba la plastiki chenye valvu ya tairi, jaza hewa hadi bar 0.5, pulizia maji ya sabuni kwenye mapaipu na intakula (kipoza hewa ya turbo). Mapovu yatakuonyesha.

Mengine ni madogo ila yanahitaji jicho. Valvu ya hita ya plastiki, nyuma ya injini, ikivunjika inamwaga maji yote kwa dakika chache. Ibadilishe kabla haijavunjika. Maandishi ya SID, skrini ya taarifa kwenye dashibodi, kukatika ni jambo la utepe wake, halipunguzi uhai wa gari bali bei. Kutu tazama matao ya magurudumu ya nyuma, mabomba ya breki na sabfremu (fremu ndogo chini ya injini) ya mbele, kwa kuwa chumvi ya barabara za Sweden haina huruma. Ufunguo mmoja tu? Punguza bei, maana wa pili lazima uingizwe kwa kifaa cha Tech2. Vipuri vingi bado vipo: Orio ya Nyköping, ambayo baadaye ikawa Hedin Parts, ndiyo iliyorithi ghala la Saab, na Skandix ya Ujerumani inatuma Ulaya nzima.

Kwa wanaowaza kulipakia kwenye kontena kuelekea Mombasa: Kenya haipokei mtumba uliozidi miaka minane, tena huu ni wa usukani wa kushoto. Gari hili ni la kulitumia huko huko uliko.

Kwa hiyo, gari hilo la Malmö, mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Shika injini uhakikishe ni ya baridi, kisha washa na usikilize cheni iliyo ndani ya injini: mgongano wa sekunde moja au mbili unavumilika, ukiendelea mpaka oili ipate moto ondoka. Endesha dakika ishirini, kanyaga vizuri kwenye gia ya tatu kuanzia mizunguko 2,000, halafu iache sailensa ukitazama taa ya oili. Kabla ya kuagana, fungua kifuniko cha oili, piga picha ya kilicho chini yake kwa mwanga wa kutosha, piga na risiti zote za oili, uziweke hapa. Rangi ya kahawia ni sawa. Ganda jeusi linalokwaruzika kwa ukucha, tuonyeshe kwanza kabla hujatoa hata krona moja ya amana.